Kilti ya Wayne

Mwita aliikuta kilti, ile sketi ya sufu wanayovaa wanaume wa Uskoti, asubuhi ya mazishi ya rafiki yake, chini kabisa ya mfuko wa nguo kuukuu ambao dada yake alikuwa ameufunga na kuuweka mlangoni ili ukagawiwe maskini. Ilikuwa imeviringishwa pamoja na taulo bichi. Alipoikunjua, marinda ya nyuma yalikuwa yamevurugika, mengine yamelala huku, mengine kule, na sufu yote imejaa makunyanzi.

"Dada Elieth!"

Elieth alitoka jikoni na kikombe cha chai. Alikuwa amekuja kutoka Tarime kumtembelea mdogo wake hapa Wheaton, Marekani, na tangu alipomwona sebuleni amevaa ile nguo, akipuliza zumari ya mfuko, hakuwa na raha.

"Ni wewe uliyeitia humu?"

"Ni mimi," alisema bila kupepesa macho. "Suti unayo, vaa suti. Mwanamume mzima usimame makaburini na sketi ya marinda, watu wakupige picha, kesho zifike nyumbani? Nitawaambia nini?"

Mwita alihisi damu ikimpanda kichwani. Lakini mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyembeba yeye mgongoni. Hakuwahi kumpandishia sauti maishani.

Alitandika kilti juu ya meza ya kula. Mkewe, Dorothea, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu hospitalini, alitazama ile nguo, akamtazama wifi yake, kisha akaenda kuleta sindano na uzi bila kuuliza.

Walilaza rinda moja baada ya jingine, wakifuata mistari ya kitambaa mpaka miraba ikakutana, Dorothea akiyashikiza pindoni kwa bandi ndefu, mishono ya muda tu, ili yasiteleze. Mwita akalowanisha kitambaa cha pamba, akakikamua, akakitandaza juu, akaanza kupiga pasi. Lakini mkono ulikuwa na hasira. Badala ya kuikandamiza pasi na kuiinua, aliisukuma mbele kama anayepiga deki, na marinda yakaanza kuvutika.

"Inua, Mwita," Dorothea alimwambia. "Weka, inua. Usiisugue."

"Najua!"

Alijua kweli. Kitambaa kilisogea, pasi ikagusa sufu yenyewe, na alama ikabaki pale iking'aa, upana wa kidole. Mwita akatukana kwa Kikurya.

Elieth akaweka kikombe chini, akasogea. "Lete nikushikie upande huu."

"Usiguse!"

Sauti ilijaa nyumba nzima. Elieth alirudi nyuma hatua moja, mkono bado hewani.

"Umekuwa ukinitazama wiki nzima kama mwendawazimu," Mwita alisema. "Hata siku moja hukuniuliza hii nguo ni ya nani."

"Si yako?"

"Ni ya huyo ninayekwenda kumzika! Nilipoanza kazi kule Falls Church nilikuwa nakula chakula cha mchana ndani ya gari, peke yangu. Wayne ndiye aliyegonga kioo. Ndiye aliyenifundisha zumari. Mapafu yalipomshinda, akanipa kilti yake mwenyewe, akasema, siku ya kunizika utanipigia wewe. Nawe ukaitia kwenye mfuko wa matambara!"

"Sikujua, mdogo wangu."

"Hukuuliza!"

Elieth alikaa kitini. Mwita alimaliza kupiga pasi, safari hii akiinua na kuweka. Waliiacha nguo ilale mpaka unyevu ukaisha, ndipo Dorothea akafumua bandi. Marinda yalisimama. Ile alama ya pasi ilibaki.

Makaburini Mwita alipuliza mpaka mwisho bila kukatika. Aliubana mfuko wa zumari kwapani kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, na Audrey, mjane wa Wayne, alilia waziwazi. Elieth alisimama nyuma ya watu wote, ameinamisha kichwa. Kwenye gari wakati wa kurudi alisema, "Nisamehe, Mwita."

"Leo siwezi, dada."

Hakusema kwa ukali, lakini hakulifuta neno lake.

Nyumbani aliitandaza kilti kitandani. Alifuta tope la pindoni kwa kitambaa chenye maji kidogo, akapiga brashi kufuata marinda, kisha akaibana kwenye hanga kwa mkanda wa kiuno na kuitundika karibu na dirisha ipigwe upepo. Elieth alikuwa amesimama mlangoni.

"Haifuliwi?" aliuliza polepole.

"Haifuliwi kila mara," Mwita alijibu bila kugeuka. "Na haikunjwi."

Akaendelea kunyoosha rinda moja lililokuwa bado linagoma, na dada yake akabaki palepale mlangoni. Mwita hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza.