Pumzi Haipangi Foleni

Wateja walimbatiza jina Zima-Washa, naye hakulikataa. Katika kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa kopi, kompyuta ikiganda alikuwa na dawa moja tu: aizime, ahesabu hadi kumi, aiwashe. Miaka kumi na miwili dawa hiyo haikumwangusha, na mazoea, jamani, yana taabu.

Ndiyo maana siku ya nne ya maisha ya bintiye, mkono uliitangulia akili.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kutosha viganjani, na mapafu yake hayakuwa yamejifunza kazi. Mashine iliyokuwa kando yake ilimpulizia hewa mara arobaini kwa dakika. Baba mtu aliketi akitazama mistari ikipanda na kushuka kwenye skrini, utadhani ni yeye anayeivuta. Ghafla mistari ikasimama, namba zikaganda. Ugonjwa huo aliujua vizuri mno. Akanyoosha kidole kwenye swichi.

Nesi akamdaka mkono. "Wee baba! Achana na skrini. Mwangalie mtoto!"

Akamwangalia. Kile kifua kidogo kilipanda, kikashuka, kikapanda tena bila papara, na skrini bado imekufa.

Nesi alishika tayari kifuko cha mpira cha kumpulizia mtoto hewa kwa mkono, akamwita fundi wa vifaa. Fundi akaja na mashine nyingine, wakamhamishia mtoto. Fundi alipoanza kuifungua ile iliyoganda, baba hakuweza kujizuia.

"Fundi, imegandaje na huku inafanya kazi? Kompyuta yangu ya dukani ikiganda, hata kipanya hakitikisiki."

"Yako inahudumia foleni, mzee, kila kazi ingoje zamu. Hii ina mfumo endeshi wa wakati halisi. Humo ndani kuna kazi nyingi: kuchora mistari, kutunza namba, kusukuma hewa. Kila moja ina cheo chake. Wakati wa pumzi ukifika, nyingine zote zinapisha. Mchora mistari akizimia, shauri yake."

"Basi ina kasi ya ajabu!"

"Wapi! Ya dukani kwako inaishinda mbali. Hii inachojua ni kuwahi. Pumzi iliyochelewa ni kosa, hata ikija nzuri vipi. Breki za magari, ndege, mitambo ya viwandani, huko kote hakuna 'ngoja kidogo'."

Zima-Washa aliitazama ile mashine iliyofunguliwa. Miaka kumi na miwili aligombana na mashine, wala hakuwahi kuiheshimu hata moja. Sasa nywele zilimsimama. Kuna watu asiowajua, wasiomjua, waliokaa wakaifikiria siku ambayo skrini ingekufa, wakaamua kwamba hata siku hiyo mtoto wa mwenzao atapumua. Alitamani kuwashukuru, hakujua aelekee wapi.

Akaenda wodi ya wazazi. Mkewe alijiinua kwa shida, mshono ukimuuma.

"Anaendeleaje?"

Angeweza kusema salama, mambo yakaishia hapo.

"Anapumua," akasema. "Lakini nusura nimzime, mke wangu. Mkono huu huu. Mashine ilijua kazi yake, mimi nikajifanya fundi."

Mama akauchukua ule mkono, akaubana kwa mikono yake miwili.

"Ukiunyoosha tena, nitaukata," akasema, machozi yakimtoka, na hakuuachia.