Siku Nne Bila Vidonge

Mimi na Pauliasi ni watoto wa ndugu wawili. Tumelelewa nyumba moja, na katika bendi ya kanisa yeye hupuliza tarumbeta dogo la mbele, nami hubeba lile kubwa la besi. Alipokuwa na miaka tisa homa ya viungo ilimshika. Ikatoka magotini, ikabaki moyoni. Alipofika thelathini na mbili wakampeleka New Zealand, wakamfungua kifua na kumwekea vali ya chuma. Tangu hapo kila jioni humeza kidonge cha kuzuia damu isigande, na ukikaa karibu naye wakati wa sala, kanisa likinyamaza, unaisikia ile vali ikigonga.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, jino likaanza kumsumbua. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Mkutano mkuu wa kanisa ulikuwa umebakiza wiki mbili, na mwaka huo zamu ya kupokea wageni ilikuwa yetu sisi wa visiwa vya Vava'u. Tulifanya mazoezi kila siku, na Pauliasi alipuliza huku machozi yakimlenga. Chakula kilimshinda, akawa anaishi kwa biskuti zilizolowekwa kwenye chai.

"Nenda ukang'oe," nikamwambia.

"Naogopa damu. Umesahau ile safari ya Nuku'alofa?"

Sikuwa nimesahau. Mwaka uliofuata upasuaji aling'oa jino huko mji mkuu, na kwa kuogopa kuachwa na meli hakumwambia daktari habari za vidonge. Alitema damu safari nzima kwenye kopo tupu la nyama.

"Basi hilo ni jambo dogo," nikasema. "Si hivyo vidonge ndivyo vinavyoifanya damu iwe nyepesi? Viache siku chache. Ukishang'oa, unaendelea navyo."

"Una hakika?"

"Mimi nikudanganye?"

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kumbe sikujua kitu.

Siku ya nne tangu aviache, asubuhi, Shangazi Sulieti akaja na gari mbele ya nyumba. Yeye ni dada wa baba zetu, na kwetu hakuna aliye juu ya shangazi. Akisema kaa, hata mwenye mvi anakaa. Jumapili alikuwa amesikia tarumbeta likikatika katikati ya wimbo, akaulizauliza mpaka akaambiwa ni jino.

"Pandeni," akasema. "Wote wawili. Wewe Hakeai utamshika mkono, maana huyu akiona sindano hukimbia."

Daktari wa meno katika hospitali ya mji wetu wa Neiafu anaitwa Eseta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alilitazama jino, akaligonga kwa kichuma, Pauliasi akaruka kwenye kiti.

"Limeoza hadi mzizi, na usaha umeanza," akasema. "Una tatizo lolote la moyo?"

Pauliasi akafungua vifungo viwili vya shati akamwonyesha kovu. Daktari Eseta akaweka vyombo chini.

"Vali ya chuma?"

"Ndiyo."

"Vidonge vya damu unameza?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni."

Nikatazama dirishani. Daktari akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine, akasubiri. Akakisoma, akachoma kidole kingine, akasoma tena.

"Hiki kipimo na maneno yako havipatani," akasema. "Damu yako ni kama ya mtu asiyetumia dawa. Nieleze."

Pauliasi akainamisha kichwa. Nilielewa kwa nini ananyamaza: Shangazi alikuwa kwenye benchi mlangoni, na hakutaka kunitaja mbele yake. Nikageuka kutoka dirishani. Kisha nikasema:

"Mimi ndiye niliyemwambia aache. Leo siku ya nne."

Shangazi akasimama. "Wewe?"

"Nilidhani damu ingemwishia, Shangazi."

"Ulidhani! Udaktari umesomea wapi, Hakeai? Ndani ya hilo bomba lako?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Hebu nyamaza kwanza. Na wewe Pauliasi, baba mzima mwenye watoto wanne, unatibiwa na mpiga besi!"

Daktari Eseta akamwomba Shangazi akae, na Shangazi akakaa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Halafu daktari akageuka kwangu. Hakupandisha sauti.

"Damu ikitoka kwenye fizi, mimi naiona. Naikandamiza kwa kidole, nashona, inakoma. Lakini ikiganda kwenye ile vali, nani ataingiza kidole humo? Bonge likikatika likapanda kichwani, anapooza au anakufa hapohapo. Siku nne ni nyingi mno."

Nikamtazama Pauliasi, naye alikuwa ameshika kifua kana kwamba kinaweza kumponyoka.

Jino halikung'olewa siku ile. Daktari aliandika barua, tukavuka ua hadi wodini, na daktari wa moyo na damu akamlaza. Walimpiga picha ya moyo. Vali ilikuwa safi. Vidonge akarudishiwa jioni ileile, na asubuhi na jioni akachomwa sindano ya tumboni, nayo ya kuzuia damu isigande, mpaka kipimo kirudi panapotakiwa. Kwa usaha wakampa dawa nyingine, na maumivu yakapungua.

Alikaa humo siku sita. Shangazi aliamuru nipeleke chakula kila siku kwa mikono yangu, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Nesi akaniambia majani yale nayo hubadilisha kipimo, kwa hiyo yawe kiasi kilekile kila siku, yasizidi wala yasipungue. Nikawa naweka majani matano, nayahesabu mbele yake. Akacheka, mimi sikucheka.

Siku ya pili nilifunga mkeka kiunoni, vazi letu la heshima, kama mtu anayekwenda msibani, nikakaa sakafuni kando ya kitanda chake, nikaomba radhi.

"Inuka bwana, watu wanatutazama," akasema Pauliasi. "Ushauri ulikuwa wako, lakini mdomo wa kumeza ulikuwa wangu."

"Ningekuua."

"Ungeniua. Sasa inuka, nipe chakula."

Siku ya sita Daktari Eseta alimpima tena, akaridhika. Alimpa dawa ya kuua vijidudu, wakangoja saa moja, kwa sababu jino likitoka vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu na vinaweza kwenda kukaa kwenye vali. Vidonge vya damu hakumwachisha hata kimoja. Aling'oa taratibu, akashona nyuzi tatu, akamng'atisha kitambaa kilicholowekwa dawa. Mimi nilishika mkono kama nilivyoagizwa. Damu ilitoka kidogo, na baada ya nusu saa ikakoma. Pauliasi hakuamini, akawa anaomba kioo kila mara.

"Kupuliza, mpaka nikuruhusu," daktari akamwambia. "Si chini ya wiki mbili."

Kwa hiyo mkutano mkuu ukapita bila yeye. Tarumbeta la mbele alipewa binti wa katekista, akapiga vizuri, ingawa Pauliasi, aliyekaa na wageni upande wa wazee, alidai kwamba ubeti wa pili alichelewa. Nilipiga besi nikimtazama yeye badala ya kiongozi wa bendi, nikakosea mara mbili.

Siku hizi huenda kusafishwa meno kila baada ya miezi sita, jino jingine lisije likaoza. Mimi ndiye dereva. Mwezi uliopita jirani yetu alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni vibaya kupunguza vidonge vya presha akijisikia mzima.

"Panda gari," nikamwambia, "nikupeleke kwa anayejua."