Jina la Mzee Liao

Natangaza, kwa unyenyekevu wote nilionao, kwamba siku ile sikuwa nimetenda kosa lolote. Nilikuwa nimelipanga tu.

Shuleni kwetu Taipei nilibakiziwa onyo moja. Kosa lingine, nafungasha godoro nirudi kwa mama. Mwalimu Guo, mlezi wa bweni, alinikumbusha hilo tuliposhuka basi mlimani Qingtiangang, pale inapoanzia njia ya kupandia kwenye uwanda wa nyasi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye pembe za nyati waliokuwa wakila nyasi.

"Sheria ni ile ile," alisema, akinitazama mimi peke yangu kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. "Mlimani hatuitani majina kamili. Mlima ukilisikia jina lako lote, unakujua, na ukikujua unakutaka. Atakayethubutu, leo leo nampigia mama yake simu. Umesikia, Chura?"

"Mimi tena, Mwalimu?"

"Wewe tena."

Akaenda na wenzetu kuliandikisha kundi kwa askari wa hifadhi. Mimi na mwenzangu wa bweni, Boga, tukaachwa tulinde mabegi. Boga ndiye niliyekusudia kumwita jina lake lote, mara tatu, ukungu ukishamzunguka.

Ndipo akatokea mtu mwenye koti la mvua la manjano.

Kwetu mpanda mlima mwenye akili timamu havai manjano. Wa manjano ni wale wanaowatokea watu kwenye ukungu, wakawaonyesha njia kwa adabu, na njia ikaishia ukingoni mwa korongo. Wapandaji wawili waliokuwa wakishuka walimsikia akiwaita. Wakainamisha vichwa, wakapita mbio.

"Wajukuu," akatuambia. Alikuwa bibi mfupi, nywele zimemganda usoni. "Hamjamwona mzee wangu?"

"Usimjibu," Boga alininong'oneza. "Mtazame miguu, mzuka hauna. Anayo?"

"Anayo. Labda ya kuazima."

Nikaamua kufanya uchunguzi. Nilimpa yai letu lililochemshwa kwenye majani ya chai, nikarudi nyuma hatua mbili. Akalimenya, akang'ata, akakunja uso.

"Nani kapika hili? Halina hata chumvi!"

"Ni mtu," nikamwambia Boga. "Mzuka haulalamikii chumvi."

"Au ni mzuka usio na shukrani."

Bibi akaugeukia ukungu. "Shui! Wewe Shui!" Alituambia kwamba aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka mumewe hayupo. Nusu saa sasa. Mzee ameanza kusahau, hata jina la nyumbani haligeukii tena. "Kliniki tu, nesi akimwita jina lote, anasimama wima kama yuko jeshini, anaitika."

"Basi mwite jina lote, Bibi."

"Hapa? Nimkabidhi kwa mdomo wangu mwenyewe?" Ng'ambo ya zile nyasi ardhi inakatika ghafla, na sote watatu tulilijua hilo.

Nikamnyooshea kiganja. "Usiseme. Niandikie."

Alinitazama kama mtu anayemkabidhi mwizi pochi. Kisha akaandika kwa kidole, herufi tatu za Kichina, jina zima.

"Chura, acha!" Boga alisema. "Godoro lako!"

Nikalifikiria godoro langu. Ni jembamba, lakini ni langu. Kisha nikavuta pumzi. Sauti yangu hakuna anayeitii, kwa hiyo nilitumia ya Mwalimu Guo, ile ya saa kumi na mbili asubuhi, inayoamsha hata viatu.

"LIAO JINSHUI!"

"NIPO!"

Ilitoka kushoto, chini. Nikaita tena, akaitika karibu zaidi. Mara ya tano nyasi zikafunguka, akatoka mzee aliyelowa hadi magotini, kidevu juu, mikono imebana mapaja. Bibi alimdaka mkono, akaanza kumgombeza huku akilia.

"Nani ameiba sauti yangu?"

Mwalimu Guo alikuwa nyuma yetu, daftari la majina kwapani, darasa zima nyuma yake.

"Mimi nimemtuma," bibi akasema. "Lakini Mwalimu, mlima umelisikia jina la mume wangu. Moja tu, peke yake."

Mwalimu akalitazama lile koti la manjano. Akanitazama mimi, akarudi kwenye koti, kama anayejiuliza kati yetu nani kamleta mwenzake. Mwisho akamtazama mzee, ambaye bado alikuwa amesimama wima. Nilisubiri atoe simu. Akafungua daftari.

"Basi mlima usikie mengi," akasema. "Uchanganyikiwe."

Akaanza kutuita, majina kamili, mbele ya ukungu. Wenzangu waliitika kwa sauti za vifaranga. Mzee Liao naye aliitika kila jina, kwa heshima zote.

Langu ni la kumi na tisa. Baada ya la kumi na nane Mwalimu akatoa kalamu. Nikajua analikata jina langu. Kumbe alikuwa akipangusa tone la maji kwenye karatasi kwa mkono ule ule wenye kalamu.

"Ke Yanting!"

Sijawahi kuuogopa mlima hivyo, wala kufurahi kuitwa hivyo.

"Nipo, Mwalimu."

"Najua upo," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."