Gorogoro ya Myanga

Kitu cha kwanza nilichoona ni mikono ya mama mmoja muuza mahindi katika soko la Myanga, huko Bungoma. Alijaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, akazungushia mkono mmoja juu yake kama ukuta, akaendelea kumimina mpaka mahindi yakafanya kilima. Kwetu Kitale tunapitisha kijiti juu ya mkebe, mahindi yanalala sawa na ukingo.

Rafiki yangu Roselyne hakuona. Alikuwa anaandika bei. Mwaka huo, 2005, alikuwa katika mwaka wa matayarisho kwenye chuo kimoja Bungoma, kwa sababu alama zake za kidato cha nne hazikutosha. Akipita, angeanza shahada ya uchumi na fedha. Akianguka, basi. Kazi ya mwisho ilikuwa kulinganisha bei ya mahindi Kitale na Bungoma. Aliniomba nimsindikize kwa vile mimi nauza nafaka na mama.

Jioni, jikoni kwao Bungoma, akanisomea alichoandika.

"Gorogoro Kitale ni shilingi thelathini, Myanga thelathini na tano. Kwa hivyo mfanyabiashara akileta mahindi huku, atapata faida kubwa."

Nikainamisha kichwa. Mimi sikumaliza hata shule ya msingi. Ningemkosoaje mtu wa chuo? Lakini kesho yake ndiyo angesimama mbele ya mwalimu.

"Si useme ni poa, bana! Mbona unaangalia chini?"

"Kama kuna faida," nikasema polepole, "mbona mama hajawahi kuleta hata gunia moja huku?"

"Labda mama yako hajui uchumi."

"Mama? Huyo anajua bei ya mahindi kabla hayajapandwa."

Akacheka, nami nikapata nguvu. Nikachukua gorogoro yao, nikajaza kama Myanga, kisha nikapitisha mwiko juu. Yaliyomwagika yakajaza kikombe kimoja. Yaliyobaki ndani yakatoa vikombe sita.

Roselyne akahesabu kwa vidole. Vikombe saba Myanga, sita Kitale: shilingi tano kikombe, huku na kule.

"Ati nini! Bei ni ile ile!" Akararua kurasa tatu.

"Nyinyi!" mama yake akaita kutoka sebuleni. "Mnachezea mahindi yangu?"

"Tunasoma, mama!"

Baada ya wiki tatu alikuja Kitale mbio, barua mkononi, akanikumbatia katikati ya magunia.

"Nimepita! Mwalimu Mukhisa aliniuliza ni nani alinionyesha kile kilima. Nikamwambia, Profesa Nduta wa Kitale!"

Akina mama wa soko wakapiga vigelegele. Nikaficha uso kwa leso.

"Sasa Profesa, nikuletee nini kutoka chuo?"

"Skonzi," nikajibu, na soko zima likacheka.

Sikutaka skonzi. Nilitaka kusema hivi: Roselyne, nifundishe. Watu wanafikiri niliacha shule kwa sababu ya karo, lakini niliogopa kusimama na kusoma kwa sauti. Siogopi tena. Nataka tuanzie darasa la sita, pale nilipoachia.