Kasia la Mbele

Malaria ilipomchukua mume wangu Cirhuza, niliachiwa mtumbwi na watoto watatu, Cubaka na wadogo zake. Tangu hapo kila Alhamisi nilitoka Rumonge peke yangu kupeleka madumu ya mawese Minago. Ilikuwa vita, na barabarani magari yalikuwa yanaviziwa na waasi. Ziwani tulikuwa Mungu na mimi. Niliketi nyuma, nikapiga kasia tatu kulia, tatu kushoto, huku nasema zaburi yangu polepole. Sikuona kama nahitaji mtu.

Mwaka wa tisini na nane askari wa pwani wakatangaza kwamba mtumbwi wenye mtu mmoja hautoki tena. Mtu wa peke yake, walisema, hujui anapeleka nini na kwa nani. Anayetaka kutoka atafute wenzake, na kwanza wamwonyeshe kaporali wao kwamba wanaweza kuendesha pamoja. Wakishindwa, mtumbwi unabaki mchangani. Na wangu ukibaki mchangani, watoto wangekula nini?

Nilisali siku mbili, nikitumaini jibu lingine. Mungu akaniletea Kadidja, jirani yangu Mwislamu, mtoto wa wavuvi, ambaye mdomo wake haufungi hata Ramadhani. Na Esperance wa kwaya yetu, anayeogopa maji mpaka yale ya kwenye ndoo. Wote wawili mawese yao yalikuwa yamekaa bure nyumbani.

Jumatano asubuhi kaporali alikaa juu ya sanduku la samaki, akatuonyesha mashua mbovu iliyotia nanga mbali kidogo.

"Muizunguke, murudi hapa. Nawapa nafasi mbili."

Esperance alikaa mbele, Kadidja katikati, mimi nyuma, mahali pangu. Wao walishika kila mtu upande wake. Mimi, tatu kulia, tatu kushoto, kwa hesabu yangu, bila kutazama mwendo wao. Mtumbwi ukawa unageuza kichwa huku na huku kama mbuzi anayekataa kamba. Mashua hatukuizunguka, tulijizunguka wenyewe. Wanawake waliokuwa wanaanika vijisamaki vya ndagala wakaacha kazi, wakatutazama.

"Mama Cubaka," Kadidja akasema bila kugeuka, "umenimwagia maji mgongoni mara ya nne. Mimi nilishatawadha nyumbani."

"Nanyoosha mtumbwi."

"Na nani aliupinda?"

Esperance alicheka mpaka akasahau kuogopa. Mimi sikucheka. Tuliporudi, kaporali alinyoosha kidole kimoja: imebaki moja.

Nilisimama na kasia langu mkononi. Wenzangu hawakuwa na kosa. Mkono wangu ndio uliozoea kutawala pande zote mbili, na kulikubali jambo hilo mbele ya watu kulinichoma.

"Kadidja, wewe ndiye iko mutoto wa wavuvi. Kaa nyuma, ushike njia."

"Na wewe?"

"Mbele. Nipeni upande mmoja, sitaubadili."

"Kulia. Ukibadili nitakuchapa na kasia, Mungu anisamehe."

"Mungu wako ao wake?" Esperance akauliza.

"Yule atakayewahi."

Tukaingia tena majini. Kule mbele sikumwona mtu, niliona ziwa tu, na milima ya Kongo upande wa pili, kama siku zangu zote. Nikaanza zaburi kwa sauti ndogo. Nyuma yangu makasia mawili yakaingia majini pamoja na langu. Nilipopunguza, yakapunguza. Tuliizunguka mashua tukarudi, na mtumbwi haukugeuza kichwa hata mara moja.

"Nendeni," kaporali akasema, akaendelea na chai yake.

Kesho yake tulifika Minago jua likiwa bado changa; peke yangu nilizoea kufika adhuhuri. Kadidja alizungumza njia nzima. Kurudi alizungumza pia, nami nikajikuta najibu.

Jioni, nikisonga ugali, mkono wa kulia uliniuma mpaka begani. Wa kushoto haukujua lolote.