Mwalimu wa Kubishana kwa Heshima

Mwalimu Tirafalo alirudi kutoka Gaborone akiwa na mkoba mpya wenye maandishi ubavuni, kalamu za bure, na dawa ya kuiponya nchi. Alikuwa ameshinda siku kadhaa katika ukumbi wa hoteli, akila kuku mchana na jioni kwa gharama za wafadhili, akifundishwa namna ya kufufua mijadala ya hadhara yenye hoja na heshima. Kwamba babu zake walikuwa wakijadiliana kwenye kgotla, uwanja wa baraza la kijiji, kabla hoteli hiyo haijachimbiwa msingi, hilo hakuna aliyelitaja ukumbini. Si adabu kumkatiza mtu anayelipia kuku.

Na kusema kweli, kijiji cha Mmaphiri kilihitaji dawa. Baraza la kgotla lilikuwa limebaki la wazee wachache na mbwa wao. Mambo yenyewe yalikuwa yamehamia kwenye kundi la simu liitwalo Sauti ya Mmaphiri. Humo mtu aliuliza asubuhi kama maji yametoka bombani, na kabla chai haijapoa mama yake mzazi alikuwa ameshatukanwa na watu aliowalisha harusini kwake. Zogo la punda wanaolala barabarani lilipopamba moto, mwenyekiti wa kamati ya maji alijitoa kwenye kundi kwa hasira, akaomba kurudishwa jioni ile ile, maana alitaka kujua wanamsema nini.

Tirafalo akaenda kwa Kgosi Sebopiwa, chifu wa kijiji, akamweleza sheria aliyotoka nayo hotelini. Huruhusiwi kumpinga mtu mpaka kwanza uiseme hoja yake kwa kinywa chako mwenyewe, na yeye akiri kwamba umeisema sawasawa. Akisema bado, unarudia.

"Na asipokiri mpaka jua linazama?" Kgosi aliuliza.

"Basi hujamwelewa, Kgosi."

"Au ni mkaidi tu."

"Hata mkaidi ana hoja yake, Kgosi. Mafunzo ndivyo yanavyosema."

Kgosi alikubali, kwa sababu kukataa kungemlazimu kusikiliza maelezo yote upya.

Wakaanza na punda. Watu walifurika, kila mmoja na kiti chake cha nyumbani, wanaume wamevaa makoti katika joto la kukaanga mayai, wanawake na shali zao mabegani. Tirafalo alisimama mbele akasisitiza heshima, na heshima ikaja kwa wingi. Asubuhi nzima hakusikika mtu akimwita mwenzake mpumbavu hivi hivi. Walisema, "Kwa heshima zote, Rra, bwana wangu, wewe ni mpumbavu." Mama mmoja alimwambia jirani yake kwamba anaiheshimu sana hoja yake, na kwamba ingefaa zaidi kama ingetolewa na punda mwenyewe. Mpaka baraza linafungwa, kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kutukanana kwa unyenyekevu, na punda walikuwa bado wamelala barabarani.

Mtu mwingine angekata tamaa. Tirafalo alijipiga kifua. Alisema tatizo ni mada: punda wanawagusa watu mno. Akaamua kuleta shauri rahisi, la kufunzia tu, lenye mwisho unaojulikana. Akaleta la kwake mwenyewe.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mama yake Tirafalo alikuwa amefariki, akaacha nyumba na kiwanja chake bila kutamka ni vya nani. Kwa mila, boma la wazazi huchukuliwa na kitinda mimba wa kiume, na kitinda mimba wa kiume alikuwa Tirafalo. Ndani ya nyumba hiyo alikuwa akiishi dada yake mkubwa, Gaelebale, ambaye hakuwa ameondoka tangu mama aanze kuugua. Siku hizi serikali na mahakama zilikuwa zimeanza kusema binti naye ni mtoto, na Mmaphiri ilikuwa imegawanyika vibaya juu ya jambo hilo. Waume walikuwa wanapikiwa uji mwepesi na wake zao kwa sababu yake. Tirafalo, aliyestaafu ualimu na kuchoka kupanga vyumba vya watu, aliitaka nyumba ile kwa moyo wake wote. Aliota kibaraza chake kila siku. Wala hakuwa na nia mbaya, masikini wa Mungu. Alikuwa ameshaamua kwamba hatamfukuza dada yake. Angempa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya mtama, na angekipaka rangi.

"Unataka tukabishane mbele za watu?" Gaelebale alimuuliza, alipokwenda kumpa habari.

"Tujadiliane, dada. Kwa heshima."

"Nyumba hii?"

"Kama mfano tu. Ili watu wajifunze."

Gaelebale akasema atakuja, kama hakutanyesha. Mvua Mmaphiri ilikuwa haijaonekana tangu mwaka jana.

Siku ya siku, Tirafalo alisema kwanza. Alisema sana. Alianzia kwa mababu, akapita kwa wamisionari, akaeleza maana ya boma, maana ya jina la ukoo, na kwa nini mtu asiye na pa kurudi ni mtu nusu. Mjomba wao, Mzee Ramotswiri, aliyekuwa ndugu wa mama na mwenye sauti kubwa katika mambo ya ukoo, alitikisa kichwa kwa kukubali mpaka kofia ikamwangukia. Tirafalo alipoketi, jasho lilikuwa limepenya koti.

Ikawa zamu ya Gaelebale kuisema hoja ya ndugu yake.

"Anasema mila inampa mtoto wa mwisho wa kiume," Gaelebale alisema. "Ndiye yeye. Amechoka kupanga. Na hatanifukuza, atanipa stoo."

Watu wakamgeukia Tirafalo. Alitafuta kilichosahaulika katika hotuba yake yote ile asikipate. Iliuma, lakini sheria ni sheria.

"Ni sawa," alisema.

"Basi na hoja yangu ni fupi. Nimekaa pale. Nimemaliza."

Kicheko kidogo kikapita kwenye viti. Tirafalo alisimama akiwa na uso wa mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto dhaifu. Kazi hii aliiona nyepesi mno.

"Dada yangu anasema ameizoea nyumba, na kuhama ni kazi nzito kwa mtu wa umri wake."

"Bado," Gaelebale alisema.

"Anasema ameitunza nyumba, na anaona anastahili shukrani."

"Bado."

Mjomba Ramotswiri alikohoa. Kgosi alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mkono, ameanza kuburudika. Tirafalo alikumbuka walivyofundishwa hotelini kwamba ukikwama unauliza. Akauliza.

"Nimeacha nini, dada?"

"Sema nani alikuwa akimwogesha mama."

"Dada yangu ndiye aliyekuwa akimwogesha mama," Tirafalo alisema, na akaona haitoshi, akaongeza, "kila siku."

"Sema wewe ulikuwa ukija lini."

Hata wale waliokuja kwa ajili ya kucheka waliacha.

"Mimi nilikuwa nikija Krismasi."

"Ukifanya nini?"

"Nikichinja mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa mama. Sasa nimeisema?"

"Bado. Sema mama alikuwa akiniita nani, mwaka ule wa mwisho."

Tirafalo hakujua. Alisimama pale mbele ya kijiji, mtu aliyefundisha watoto kwa maisha yake yote kwamba kusema sijui si aibu, na neno lenyewe likagoma kutoka. Akatikisa kichwa tu.

"Alikuwa akiniita Tirafalo," Gaelebale alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyotaja nayo stoo. "Akili ilikuwa imeondoka. Nikiingia na maji anasema, Tirafalo, umekuja mwanangu. Mwanzo nilikuwa namkatalia, naye analia. Baadaye nikawa naitika. Nilikuwa naitika badala yako, asubuhi mpaka usiku. Sasa sema."

Na Tirafalo akasema. Hapa lazima tumpe haki yake, maana mtu huyu kusema alikuwa anajua. Aliisema hoja ya dada yake kuanzia mwanzo: maji ya kuoga, usiku wa kukesha, jina lisilo lake ambalo alikubali kulibeba ili mama alale. Alisema mila ilimpa kitinda mimba boma ili awatunze wazazi uzeeni, kwamba nyumba ni malipo ya kazi hiyo, na kwamba kazi ilifanywa na mwingine kwa jina lake. Alisema anayekuja kudai malipo ya kazi aliyofanyiwa na dada yake, kisha akampa huyo dada stoo, angalau asijisifu kwa rangi. Hakujua hata kidogo kwamba alikuwa anayafahamu maneno hayo mpaka alipoyasikia yakimtoka, na aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu kuzaliwa.

"Hapo umeisema," Gaelebale alisema, akaketi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakapiga makofi. Wazee walifuta macho kwa migongo ya mikono. Mwenyekiti wa kamati ya maji alisimama bila kuruhusiwa, akasema hajapata kuona muungwana kama Mwalimu, mtu anayemsemea mpinzani wake kuliko mpinzani mwenyewe. Wakafuatana: huyu kasifu ufasaha, yule kasifu moyo, mwingine akaomba mwakani Mwalimu agombee udiwani. Mtu mmoja alimsifu kwa jinsi alivyotulia. Gaelebale hakutajwa na yeyote, ila mama mmoja aliyesema alijibu vizuri.

Tirafalo alikuwa anasubiri zogo la pongezi lipoe apate nafasi ya kusema kwamba ameshindwa. Ilimchukua muda kuona kwamba Kgosi ameshasimama.

"Nimesikiliza," Kgosi Sebopiwa alisema. "Leo kgotla imerudi kuwa kgotla. Mimi nilikuwa na wasiwasi na jambo hili. Nilijiuliza, tukimpa Mwalimu nyumba, dada yake si atateseka? Lakini mmemsikia. Mtu anayejua taabu za dada yake kiasi hiki atamtesa vipi? Nyumba iko katika mikono salama. Ni ya Tirafalo."

Tirafalo aliinua mkono. Mjomba Ramotswiri akamvuta pindo la koti akamrudisha kitini.

"Unafanya nini?" alimnong'oneza.

"Nataka kupinga."

"Kupinga nini? Umeshinda."

"Ndicho ninachotaka kupinga."

"Mwanangu, Kgosi amesema. Kgosi akishasema hakuna anayesema. Ulisimama hapa juzi ukatugombeza kwa saa nzima juu ya heshima ya baraza, leo unataka kuwa wa kwanza kuivunja?"

Watu wakapaza "Pula!", yaani mvua, kama inavyopaswa baraza likifungwa, mawingu yasionekane popote. Kijiji kizima kilikuwa kimesikiliza mjadala wenye hoja na heshima, wa kwanza kwa miaka mingi, na ulikuwa umemshawishi mtu mmoja tu. Huyo hakuruhusiwa kusema.

Gaelebale alikunja kiti chake akaondoka. Tirafalo alitaka kumfuata, lakini kila hatua alikuta mkono wa kushikwa. Waliomtukana kwenye simu kwa ajili ya punda walimwomba radhi. Mchungaji alimwomba aje ahutubie vijana. Alipofanikiwa kuchomoka jua lilikuwa limeshuka, na alipofika kwenye boma la mama yake alikuta watu wamemtangulia.

Walikuwa wamejaa uani. Mjomba Ramotswiri alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama, mwenyekiti wa kamati ya maji ubavuni pake, wote wakinywa chai yenye maziwa na kutafuna maandazi. Na kati yao, akiwa na sinia mikononi na shali yake ya barazani bado mabegani, alikuwa anapita Gaelebale. Wageni walikuwa wamekuja kumpongeza mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakuwepo, na hata angekuwepo, hakujua sukari inakaa wapi.

Moyo ulimuuma Tirafalo vibaya. Alimfuata dada yake jikoni, akasimama mlangoni.

"Kesho twende Bodi ya Ardhi," alisema. "Kiwanja kiandikwe kwa jina lako."

Gaelebale alikuwa akimimina maji ya moto kwenye birika. Hakugeuka.

"Utahutubia na huko?"

"Hapana. Nitasaini tu."

"Na hao waliojaa uani?"

"Wakishaondoka nitamweleza mjomba. Taratibu, kwa..."

"Waambie sasa hivi."

Alitoka. Maneno yalikuwa yameanza kujipanga yenyewe kichwani, utangulizi mzuri kabisa juu ya mila na nyakati. Aliuacha.

"Nyumba nimempa dada," alisema.

Wageni walicheka. Mwenyekiti akapiga goti lake kwa furaha. "Mwalimu, mjadala umekwisha, pumzika. Tumeshajua unaweza kumsemea."

"Simsemei. Nimempa. Kesho tunakwenda kuandikisha."

Kicheko kikakatika. Mjomba Ramotswiri aliweka kikombe chini polepole.

"Kgosi amekupa wewe."

"Amenipa. Na mimi nimempa dada."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesifu ufasaha wala moyo. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameshatoa simu mfukoni, na mwingine alinong'ona, bila heshima zozote, kwamba kuku wa hoteli huwaharibu watu akili. Mjomba alitafuta fimbo yake.

"Na sisi tuliokuja kukupongeza, mwanangu, tufanye nini?"

"Malizeni chai yenu, mjomba," Gaelebale alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, amevua shali. Alivuta kiti kimoja katikati ya uani akaketi, akanyoosha miguu. "Tirafalo atawaongezea sukari. Iko kabati la juu, mkono wa kushoto."