Begi Lililotangulia

Begi la Mama liliondoka nyumbani siku mbili kabla yake. Lilikuwa begi jekundu la magurudumu, na Mama mwenyewe ndiye aliyelivuta, Jumapili asubuhi, saa tatu na dakika kumi, mpaka kwa Savitaben, jirani wetu wa mlango wa pili. Akalikabidhi pamoja na punje za mchele na popoo moja vilivyofungwa kitambaani, akarudi mikono mitupu, akaketi kwenye bembea yetu ya sebuleni.

"Mimi nimeshasafiri," akatangaza. "Anayetaka chai ajipikie."

Miaka kumi na miwili imepita, na bado nikiikumbuka sauti ile nacheka peke yangu. Lakini siwezi kuisimulia raha ile bila kwanza kuusimulia ugonjwa wa Baba.

Baba yangu, Kirtibhai wa duka la vitambaa, alikuwa na ugonjwa wa kulinganisha bei. Akitaka bilinganya hupita kwa wauzaji watatu, kisha humrudia wa kwanza na kumdai giligilani za bure kwa usumbufu. Kila mwaka, joto la Mei lilipoanza kuiunguza Ahmedabad, alimwahidi Mama kumpeleka Singapore. Kila mwaka alinunua daftari jipya la shule, akalichora mistari: kupitia Mumbai, kupitia Chennai, kupitia Colombo, moja kwa moja. Aliamini nauli ni kama embe, kwamba ukisubiri zijae sokoni bei itashuka. Nauli hazikuijua tabia ya embe. Zilipanda, yeye akasubiri, zikapanda tena, na mwishowe tukaingia kwenye basi kwenda mlima Abu. Mchagua nazi hupata koroma, na koroma letu lilikuwa Abu. Tulikwenda mara saba. Tuna picha saba mbele ya mwamba mmoja, na katika kila picha tabasamu la Mama limepungua kidogo.

Mwaka ule, kabla Baba hajamaliza kuchora mistari, Mama aliitoa pasipoti yake kabatini. Ilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki. Akaiweka juu ya daftari.

"Baba Urvi, inakufa Desemba."

"Tutachukua nyingine, Mama Urvi. Pasipoti si mtu."

"Ikibaki chini ya miezi sita hawaipokei. Kwa hiyo ni mwezi huu au basi. Nyingine siombi. Hii ikifa haijagongwa hata muhuri mmoja, mimi na safari tumeachana. Na huko Abu mtakwenda bila mimi, mkapigwe picha na mwamba wenu."

Alisema bila kukasirika, kisha akarudi jikoni. Mama alipogomba tulijua jinsi ya kumtuliza. Upole ule ulinitia hofu, na nadhani Baba pia, maana alibaki akiigeuzageuza ile pasipoti iliyokuwa mpya kama siku ilipotolewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kompyuta, kazi ya kutafuta ilikuwa yangu. Jumamosi moja mchana, feni ikizungusha joto lile lile, niliketi mbele ya skrini, Baba nyuma yangu na daftari lake, na Bibi, mama yake Baba, kwenye bembea akiwa na kalenda yake ya nyota mapajani. Yeye hakuwa msafiri. "Mtu wa umri wangu akipanda juu hivyo," alisema, "huko juu wanaweza kumbakiza."

"Kupitia Colombo unaokoa elfu mbili na mia tatu," Baba akasema. "Ila unangoja muda wa saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja nafanya nini Colombo?" Mama akauliza kutoka jikoni. "Nihesabu mbu?"

Ndipo nikaiona. Moja kwa moja, Jumanne, rupia elfu kumi na moja na mia mbili kwa mtu. Siku nyingine zote zilikuwa elfu kumi na tisa kwenda juu. Pembeni paliandikwa kwamba vimebaki viti vitatu, na sisi tulikuwa watatu. Nikajaza majina yetu na namba ya kadi ya Baba, kama nilivyowahi kujaza mara nyingi bila faida.

"Jumanne ya tarehe ngapi?" Bibi akauliza.

Nikamtajia. Akalamba kidole, akafunua kurasa, uso ukamjikunja.

"Siku hiyo mwezi umekufa. Nuksi tupu. Mwanangu havuki kizingiti siku ya nuksi nikiwa hai. Jumapili ya kabla yake ndiyo njema, saa tatu hadi saa nne na nusu."

Jumapili nauli ilikuwa elfu kumi na tisa na mia nne. Baba alimtazama mama yake, akaitazama skrini. Katika maisha yake aliviogopa vitu viwili tu, mama yake na bei ya juu, na leo vilimbana huku na huku. Akanyoosha mkono kuchukua simu. Namba ile niliijua. Ilikuwa ya hoteli ya Abu.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Mama," akamwambia Bibi kwa adabu, "Baba Urvi alipokwenda Mumbai kufanya mtihani, si ilikuwa siku mbaya vilevile? Ulifanyaje?"

"Nilifanya pastanu. Nilipeleka viatu vyake kwa jirani siku mbili kabla, saa njema. Kikitoka kitu chako, na wewe umeshatoka. Nuksi ikija inakuta hupo..." Bibi akakatiza maneno. Alikuwa ameona anakopelekwa.

"Basi begi langu litaondoka Jumapili," Mama akasema. "Mimi nitalifuata Jumanne."

Feni ilizunguka. Kisha Bibi akacheka mpaka bembea ikalia.

"Mkaza mwana huyu! Miaka ishirini na sita nadhani ananisikiliza kwa heshima tu, kumbe alikuwa anaweka akiba! Haya, Urvi, bonyeza, viti visije vikaliwa na wengine."

"Ngojeni kwanza," Baba akasema. "Pengine kesho..."

Mama hakumngoja. Alipitisha mkono juu ya bega langu na kubonyeza mwenyewe. Alama ya unga ilibaki juu ya kitufe kile kwa majuma kadhaa, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Jumapili ilipofika, kiatu kimoja cha Baba na mtandio wangu vilikwenda kwa Savitaben pia, lakini aliyesafiri hasa ni Mama. Bibi alitoa hukumu kwamba msafiri hafagii wala hapiki. Siku mbili Mama alibembea, akinywa rojo la embe na kusikiliza redio. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa mchana kutwa. Baba aliunguza wali wa dengu, akaja sebuleni na mwiko mkononi.

"Mama Urvi, chumvi iko wapi?"

"Niko Singapore, Baba Urvi. Kupiga simu nje ni ghali."

Jioni hiyo nilimkuta Baba mbele ya kompyuta. Nauli yetu ilikuwa imeshuka mpaka elfu kumi na mia tatu. Alinitazama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Usimwambie mama yako," akanong'ona.

Jumanne tukaruka. Ofisa wa Singapore aliifunua pasipoti ya Mama ukurasa baada ya ukurasa, zote nyeupe, kisha akagonga muhuri. Mama aliupuliza wino ukauke, polepole, na watu waliokuwa nyuma yetu wakasubiri. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Siku ya tatu tuliketi kwenye benchi kando ya maji, tukila thepla, zile chapati za viungo tulizotoka nazo nyumbani, na achari ya embe. Baba hakuweza tena kuvumilia.

"Mama Urvi, nina jambo. Nauli ilishuka baadaye. Rupia mia tisa kwa kila mtu."

"Najua. Daftari uliliacha wazi."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Zile siku mbili za bembea ulidhani ni za bure?"

Akamwekea thepla nyingine mkononi. Baba alicheka, akatoa daftari mfukoni, akaandika kitu na kulifunga. Mwaka uliofuata hakununua jingine.

Daftari hilo ninalo mimi. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya Mumbai na Chennai na Colombo, ameandika: Bembea, siku mbili. Mahali pa bei ameacha wazi.